Programu ya mzani wa samaki: niihamishie kwenye wingu au niiache ofisini Amu?

BintiLangoni, Amu

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nina jambo la kikazi ambalo limenikosesha utulivu tangu mwezi uliopita, na ningependa kusikia maoni ya watu waliokwisha kulipitia.

Ninaandika programu za biashara hapa Amu, yaani Lamu. Mteja wangu mkubwa ni tajiri anayenunua kamba mawe, pweza na samaki kutoka Kizingitini na Faza na kuwasafirisha hadi Mombasa, na programu anayoitumia niliiandika mwenyewe miaka minane iliyopita. Nimeifunga katika kompyuta moja ofisini kwake karibu na gati, na humo ndimo ilimo hifadhidata nzima: wavuvi, kilo zilizopimwa, fedha walizotangulizwa kabla ya msimu na madeni yaliyosalia. Kila jioni karani huchukua nakala katika flashi mbili, moja hulala katika mtoto wa meza na nyingine huenda nayo nyumbani. Upepo wa chumvi umekwisha kuua kompyuta mbili hapo. Mara zote mbili zile flashi ndizo zilizotuokoa, ingawa mara ya pili tulipoteza kazi ya siku nne kwa sababu nakala za mwisho zilikuwa zimeharibika na hakuna aliyewahi kuzijaribu.

Sasa tajiri anataka, akiwa Mombasa, aone kwenye simu yake ni kilo ngapi zimenunuliwa asubuhi hiyo, na kijana wake amemwonyesha programu za kukodi kwa mwezi ambazo hazihitaji kompyuta ya ofisini kabisa. Ameniuliza waziwazi kama hii yangu inaweza kupelekwa kwenye wingu, yaani kwenye seva (kompyuta za mbali) za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, au akodi hiyo nyingine. Nimemwomba wiki tatu za kufikiri.

Kuihamisha hifadhidata yenyewe hakunitishi, kwani ni kazi ya siku mbili. Kinachonitatiza ni Kizingitini. Pale penye mzani mtandao hupotea saa yoyote, na mara nyingi ni saa ile ile mashua zinaporudi na kila mtu yuko kwenye simu. Karani huning'iniza kapu, husoma kilo kwa sauti ili mvuvi asikie, huziandika katika kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni na kumpa mvuvi nakala ya juu. Kitabu husafiri kwa boti kesho yake hadi Amu, na hapo ndipo takwimu zinapoingia kwenye kompyuta. Programu inayongoja seva ya mbali ijibu kabla ya kuziandika kilo itamweka mvuvi juani huku kamba wake wakifa kapuni.

La pili ni riziki yangu. Nililipwa mara moja nilipoikamilisha programu, na tangu hapo hulipwa ninapoitwa kuirekebisha. Katika mpango huu mpya bado sijaelewa hasa ninachouza.

Ami wa Kompyuta, Malindi

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nilianza kufunga programu za hoteli hapa Malindi na Watamu tangu siku za disketi, kwa hiyo nitakueleza mabadiliko haya jinsi yalivyonijia mimi mwenyewe.

Jambo lenyewe si geni kama jina lake. Salesforce ilipoanzishwa 1999 ilikuja na wazo kwamba programu ya kufuatilia wateja haina haja ya kufungwa katika kompyuta za mnunuzi, bali aifungue kwa kivinjari na ailipie ada ya kila mtumiaji. Miaka saba baadaye, 2006, Amazon ikaanza kukodisha vile vitu vya chini ambavyo programu husimama juu yake: mwezi wa Machi ghala la mafaili liitwalo S3, na mwezi wa Agosti kompyuta za kukodi kwa saa ziitwazo EC2. Kwetu sisi waandishi hilo ndilo lililogeuza kazi. Kabla yake, hoteli ilipotaka mfumo, nilikuwa nikikadiria ukubwa wa seva mwaka mzima mbele, tukaiagiza Nairobi, ikafika, ikawekewa chumba chenye kiyoyozi, na nikikosea makadirio hasara ilikuwa ya mwenye hoteli. Siku hizi naanza na mashine ndogo kabisa; Agosti na Desemba wageni wakijaa naikuza, wakiondoka naishusha.

Hata hivyo hayo ya mashine ndiyo madogo. Badiliko kubwa ni la matoleo. Nilikuwa na hoteli kumi na mbili, na baada ya miaka michache nikawa na programu kumi na mbili zinazofanana sura tu, maana kila moja nilikuwa nimeirekebisha kwa wakati wake na kwa ombi la mwenyewe. Kila marekebisho yalimaanisha kupanda pikipiki na CD mfukoni kwenda hoteli moja baada ya nyingine. Aprili 2020, kodi ya ongezeko la thamani iliposhushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, nusu ya wateja wangu walikuwa tayari kwenye wingu na nusu bado. Wale wa wingu niliwabadilishia wote kwa jioni moja nikiwa nyumbani. Hao wengine walinichukua karibu wiki mbili, na Januari 2021 kodi iliporudishwa asilimia 16 nikaanza mzunguko ule ule upya. Mwaka huo ndipo nilipoamua kwamba sitafunga tena programu katika kompyuta ya mteja.

Lakini nikuonye jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Wateja wote wanapotumia programu moja na hifadhidata moja, kosa lako nalo linakuwa moja kwa wote. Usiku mmoja niliweka toleo jipya lenye ripoti ya wageni wanaotarajiwa, na katika swali moja la hifadhidata nikasahau sharti linalosema ni hoteli gani. Asubuhi meneja mmoja akanipigia simu, akaniuliza kwa upole kwa nini anaona majina na nambari za pasipoti za wageni wa hoteli jirani. Nililizima toleo lile mara moja, nikawaeleza wamiliki wote ukweli, na mmoja akaniacha kwa haki yake. Tangu hapo siachii kumbukumbu yangu kazi hiyo. PostgreSQL, ile programu ya hifadhidata, tangu toleo la 9.5, lililotoka 2016, ina ulinzi wa kila mstari: unaitangazia hifadhidata yenyewe kwamba mtumiaji wa hoteli hii asione mstari usio wake, na hata ukisahau sharti katika msimbo, mistari ya wengine haitoki. Wewe leo una mteja mmoja. Ukipata wa pili, anza hivyo tangu siku ya kwanza.

Na kuhusu unachouza, mwanangu, unauza uangalizi. Ada ya mwezi ni ya seva kuwa hai, nakala kuchukuliwa na kujaribiwa, marekebisho kufika bila wewe kuitwa, na simu yako kupokelewa. Zile siku nne mlizopoteza ndizo hasa anazozilipia tajiri wako, na ukimweleza kwa lugha hiyo ataelewa kuliko ukimweleza habari za seva. Mimi sasa kila mwezi narudisha nakala ya kila hoteli katika mashine tupu na kuhesabu kama jumla zinalingana, kisha namtumia mwenye hoteli ujumbe wa sentensi mbili kumjulisha.

Mhasibu wa Shela

Dada BintiLangoni, Ami amekupa ya ufundi. Mimi niongeze ya daftari la fedha, kwa kifupi.

Kampuni kubwa za wingu hutoza kwa dola, naye tajiri wako analipwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 123, na kufikia Januari 2024 ikapita 160 kabla ya kushuka tena mwaka huo huo. Anayekodi seva ya dola 40 alishuhudia bili ikipanda kwa karibu theluthi bila ya kutumia zaidi hata chembe. Ukimtoza ada ya shilingi isiyobadilika kwa mwaka mzima, hatari hiyo unaibeba wewe, kwa hiyo iandike katika mkataba, au ukodi kwa kampuni za hapa nchini zinazotoza kwa shilingi.

Akaunti ya wingu ifunguliwe kwa jina la biashara yake na kwa barua pepe ya biashara yake, wewe ukipewa ruhusa ya kuiendesha. Nimeona duka moja likifungiwa nje ya hesabu zake kwa miezi miwili kwa sababu akaunti ilikuwa ya kijana aliyeandika programu, na kijana amehamia nchi za Ghuba na kubadilisha nambari. Hata akiamua kukodi ile programu aliyoonyeshwa na mwanawe, aulize kwanza kabla ya kutia sahihi: siku nikiondoka, nitapewa hesabu zangu zote katika faili ninaloweza kulifungua mahali pengine?

Tena una majina, nambari za simu na madeni ya wavuvi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hao kama inavyowahusu wateja wa benki. Haikatazi kuweka taarifa nje ya Kenya, lakini inaweka masharti ya kuzihamisha, na inataka mwenye taarifa ajue zinakusanywa kwa ajili gani. Wavuvi waambiwe pale pale penye mzani, kwa maneno wanayoyaelewa.

Msanidi wa Mokowe

Salaam kwenu. Suala la Kizingitini ndilo ninalolijua, kwa sababu nimeandika mfumo wa aina hiyo kwa wanunuzi wa ufuta huku bara, ambako mtandao nao ni wa kubahatisha, na nimelikosea kwa njia zote kabla ya kulipatia.

Kwanza acha kuichukulia simu ya karani kama dirisha la kutazamia seva. Ichukulie kama kitabu chake cha stakabadhi. Kilo ziandikwe kwanza katika hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya simu yenyewe, na SQLite, hifadhidata ya aina hiyo, imo katika kila simu ya Android, karani aone zimeandikwa, mvuvi aende zake. Kupeleka ni kazi ya baadaye inayofanyika yenyewe kimyakimya, mtandao utakapopatikana, iwe ni usiku au ni boti inapopita mkondo wa Mkanda. Karani asionyeshwe duara linalozunguka hata mara moja. Aonyeshwe alama ndogo tu inayomwambia mizigo mingapi bado haijafika Amu.

Mpango huu ukiufuata, mambo matatu yanabadilika katika namna ya kuandika, na ukiyapuuza utalia. Programu yako ya zamani bila shaka humpa kila mzigo nambari ya mfuatano kutoka kwenye hifadhidata: elfu moja na mia mbili, na moja, na mbili. Simu mbili zisizoonana zitatoa nambari moja kwa mizigo miwili tofauti. Basi simu yenyewe itengeneze kitambulisho kirefu cha kubahatisha ambacho karibu haiwezekani kigongane na kingine. Faida yake ya pili ni kubwa zaidi: mara nyingi taarifa hufika kwenye seva vizuri, kisha mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, na simu ikidhani imeshindwa hutuma tena. Seva ikikiona kitambulisho ilichokwisha kukipokea, ijibu tu kwamba imepokea, isiandike upya. Katika mfumo wangu wa kwanza sikuweka hilo, na mkulima mmoja alilipwa mara tatu kwa gunia moja, fedha za ziada akazirudisha mwenyewe.

Pili, simu isipeleke jumla. Karani wa Faza akipeleka kwamba deni la fulani sasa ni shilingi elfu tatu, na wa Kizingitini akapeleka kwamba ni elfu mbili na mia tano, seva haitajua imwamini nani. Ipelekwe habari ya tendo lenyewe, kwamba amekatwa mia tano siku fulani kwa mzigo fulani, na hesabu ya deni ipigwe sehemu moja. Kosa likitokea lisifutwe, bali liandikwe tendo la kulirekebisha, kama wahasibu walivyofanya tangu zamani kwa wino.

Tatu ni malipo. Tangu 2017 Safaricom imekuwa na lango liitwalo Daraja, ambalo programu yako inaweza kulitumia kuagiza malipo ya M-Pesa na kupokea jibu. Jibu hilo huja kwenye anwani iliyo wazi kwenye intaneti na yenye usalama wa HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa yasisomwe njiani, anwani ambayo kompyuta ya gatini haina. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya nguvu kuliko zote ya kuwa na seva kwenye wingu, hata kama kila kitu kingine kingebaki ofisini. Ila usidhani jibu litakuja daima. Malipo yaandikwe yanangoja, na baada ya muda seva iulize yenyewe hali ya muamala kabla ya mtu yeyote kubonyeza kulipa mara ya pili.

Mwisho, mahali pa kukodi. Microsoft ilifungua vituo vyake vya seva Afrika Kusini 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, Google Johannesburg mwanzoni mwa 2024. Nilihamia huko nikifurahi kwamba ni karibu kuliko Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika kaskazini mwa Durban, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikapungukiwa na intaneti kwa siku kadhaa. Seva yangu ilikuwa nzima kabisa upande wa pili wa waya uliokatika. Makarani wangu waliendelea kupima kwa sababu simu zao hazikuihitaji seva. Mizigo ya siku hizo ilikusanyika simuni na ikafika yote njia iliporudi. Chagua kituo chochote chenye bei nzuri, lakini jaribu programu yako kana kwamba kituo hicho kitatoweka wiki moja.

BintiLangoni, Amu

Nawashukuru sana nyote. Ndugu wa Mokowe, naomba unifafanulie jambo moja: ikiwa simu ya karani itaanguka majini ikiwa na mizigo ambayo haijapelekwa, inakuwaje? Hapa simu hizo hupanda na kushuka botini kila siku.

Msanidi wa Mokowe

Dada, hapo kitabu cha kaboni kibaki kazini. Usikiondoe. Ongeza tu sehemu ya kuandika nambari ya stakabadhi katika kila mzigo, na seva iwe inakagua kama kuna nambari iliyorukwa. Simu ikizama, utajua papo hapo ni kurasa zipi za kitabu za kuingiza kwa mkono.

BintiLangoni, Amu

Assalaam alaykum tena. Nimerudi baada ya wiki mbili na nusu, kwa kuwa niliahidi nafsi yangu kwamba sitauliza na kunyamaza.

Tajiri amekubali. Seva nimeikodi kwa kampuni ya Nairobi inayotoza kwa shilingi, akaunti iko kwa jina la biashara yake, na tumekubaliana ada ya mwezi ambayo inataja waziwazi kujaribiwa kwa nakala. Ami, nilimsomea sentensi yako kuhusu zile siku nne. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hiyo ndiyo aliyoielewa.

Sehemu ya simu nimeiandika upya yote, na Jumatatu iliyopita nilikwenda Kizingitini mwenyewe. Nilizima mtandao kwa makusudi kuanzia saa moja asubuhi hadi adhuhuri. Karani alipima makapu thelathini na moja bila kuniuliza lolote kuhusu mtandao, na nilipouwasha, yote yalifika kwenye seva kabla ya boti yetu kung'oa nanga. Niliyahesabu mara mbili nikiwa nimekaa gatini na kitabu cha kaboni mapajani.

Kosa moja lilijitokeza ambalo sikulitegemea. Simu ya akiba ilikuwa imeisha chaji kwa siku nyingi, saa yake ikarudi nyuma, na mizigo saba ikaandikwa tarehe ya mwaka uliopita. Ilikuwa imeingia katika madeni ya msimu ambao umekwisha kufungwa. Sasa kila mzigo unabeba saa mbili, ya simu na ya kupokelewa kwenye seva, na zikipishana kwa zaidi ya siku mbili mzigo unawekwa pembeni hadi karani wa Amu aukague dhidi ya kitabu. Saa ya seva peke yake isingetufaa, kwa kuwa mzigo unaweza kukaa simuni hadi kesho yake.

Wavuvi tumewaeleza pale penye mzani, kama Mhasibu alivyoshauri. Mzee mmoja aliuliza kama deni lake litaonekana na mvuvi mwingine, na nilifurahi kuweza kumjibu kwamba hifadhidata yenyewe inamruhusu kila karani kuona wavuvi wa kituo chake tu, kwa ule ulinzi wa mistari alioutaja Ami. Alitaka kuhakikishiwa, nikamwonyesha simu ya karani wa Faza, akatafuta jina lake, halikuwemo.

Malipo kwa njia ya Daraja bado sijayaanza. Nataka msimu huu upite kwanza kwa kilo na madeni pekee. Kompyuta ya ofisini itaendelea kuwaka sambamba na seva hadi kusi ianze na mashua zinazotoka ziwe chache, na nitalinganisha jumla za pande mbili kila Ijumaa kabla ya kuizima.